Biti ya bure, Ijumaa na karindula: barua zenu za muziki

Barua zimejaa, na voisi za WhatsApp pia, wengine mnaongea mpaka betri inakwisha hamjafika kwenye swali lenyewe. Nimechagua zile zinazogusa watu wengi, hasa nyie wa Lubumbashi na pembeni munaotosha, yaani munaotoa, nyimbo zenu wenyewe bila lebo, bila meneja. Zile za kuuliza mwimbaji gani anatembea na nani, hapana, tafuteni ukurasa mwingine.

Yaya, jambo. Mi niko mwimbaji wa Katuba. Nilikamata biti moja mu YouTube, waliandika ni ya bure, nikaimba, nikatosha klipu, bantu banaipenda kabisa. Sasa YouTube inaniambia mwimbo iko na mwenyewe, na ule mwenyewe ni rapa wa Brazili, simujue hata kidogo. Aliniiba namna gani? Nifanye nini?
*Rapa wa Katuba*

Mudogo, hakukuiba, na labda yeye pia hajui kama uko duniani. Vile inaendaka ni hivi: mtengeneza biti, ule muziki mtupu bila sauti ya mwimbaji, anaipandisha YouTube watu wasikie, anaandika ni ya bure, lakini ukifungua yale maandishi ya chini ya video, yale hakuna mtu anayasoma, unakuta bure ni ya kujaribia tu, ukitaka kuipeleka sokoni unalipa. Na anayelipa mara nyingi hanunui, anakodi, biti moja inaweza kukodishwa kwa watu hamsini kila mmoja na nchi yake. Huyo wa Brazili alikodi kama wengine, akapeleka mwimbo kwa msambazaji, yaani kampuni inayopandisha nyimbo YouTube na Spotify, na pale kwenye fomu kuna kakisanduku ka Content ID, ile mashine ya YouTube ya kutambua nyimbo, yeye akakatia alama. Kuanzia siku hiyo mashine inasikiliza video zinazopanda, ikisikia kile kinanda na ile besi inasema huu ni mwimbo wa fulani. Sauti yako, maneno yako, Katuba yako, hiyo haiijali.

Sasa kabla ya kulia, angalia vizuri umepata kitu gani. Kama ni dai tu, klipu yako inabaki, watu wanaendelea kuiangalia, isipokuwa falanga za matangazo njo zinaenda kwake. Straiki, yaani onyo kali la kuvunja haki za mwingine, ni habari ingine, ukipata tatu ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa yote na kila kitu ulichoweka humo. Mara nyingi hizi za biti ni dai.

Rudia ukurasa wa ile biti, mwandikie mwenyewe, lipa kodi yake, na umuombe karatasi yenye jina la biti, tarehe, jina lako na jina lake. Ukishapata karatasi njo unapinga dai, hapo una kitu cha kuonyesha. Aliyedai ana siku 30 za kujibu, asipojibu dai linaanguka. Usipinge na hasira na matusi ya kifaransa, na usipinge mikono mitupu, juu ukishindwa mambo yanaweza kupanda mpaka straiki. Na wewe, siku unajaza fomu yako, kama biti ni ya kukodi usiguse kale kakisanduku, utakuwa unamfanyia mwingine kile ulichofanyiwa.

Lakini nikuambie ninavyowaza kweli? Kwenye kila avenue ya Katuba na ya Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, si ile nchi) kuna kijana mwenye FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, na spika mbili ambaye hajawahi kulipwa hata dola kumi kwa kazi yake. Kaa naye. Mlipe kidogo, mukubaliane, mutengeneze biti ambayo hakuna Mbrazili anaijua, na muandike kwenye karatasi mistari mitano: nani alitengeneza muziki, nani aliandika maneno, nani anashika rekodi yenyewe, falanga zikiingia zinagawanywa namna gani, tarehe. Musaini, kila mtu apige picha na simu yake. Hiyo karatasi haina gharama, na njo kitu ambacho wengi munaoniandikia hamuna.

Kwa nini nyimbo zote sasa zinatoka Ijumaa? Sisi kwetu tulipeleka mwimbo kwa msambazaji Alhamisi, tukaweka itoke Jumapili kisha misa, juu bantu beko nyumbani, na hakuna kitu ilitembea.
*Kwaya-pop, Kampemba*

Ijumaa ni ya dunia nzima tangu tarehe 10 Julai 2015. Zamani kila nchi ilikuwa na siku yake, Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne, basi mtu wa London alikuwa na albamu mkononi siku nzima kabla ya mtu wa New York, na wezi wa intaneti walifurahia. Makampuni yakakubaliana siku moja. Ninyi hamulazimishwi, Jumapili si dhambi, ila zile orodha za nyimbo mpya zinafanywaka upya siku ya Ijumaa, ukitoka Jumapili uko unafika sokoni wakati meza zimeshapangwa.

Kilichowaua si siku lakini. Mumesema mulipeleka mwimbo kwa msambazaji Alhamisi ili utoke Jumapili. Jamani! Spotify inataka uwapelekee mwimbo kupitia akaunti yako ya msanii angalau siku 7 kabla haujatoka, hapo wale wanaokufuata wanaupata kwenye orodha yao ya nyimbo mpya, na wanaopanga zile orodha wanapata nafasi ya kuusikiliza. Kwa siku tatu hakuna mtu anausikia. Mimi nasema wiki nne, juu ya kwetu umeme unakatika, faili inapanda nusu inagoma, kava inarudishwa kwa sababu muliweka namba ya simu juu yake (ndiyo, wanakataa, na picha yenye ukungu pia wanakataa), na jina la kikundi chenu liko na herufi kubwa hapa na ndogo pale.

Na jina, angalieni sana jina. Mukichagua jina ambalo kikundi kingine kinalo, tuseme huko Tanzania, nyimbo zenu zitaangukia kwenye ukurasa wao na picha yao, mashabiki wao watawatukana bure. Tafuta jina lako kila mahali kabla ya kulipa, na kwenye fomu, pale wanauliza kama msanii yuko tayari kwenye jukwaa, usibonyeze tu ndiyo kwa haraka. Kisha kutoka, andika ISRC ya kila mwimbo kwenye daftari, ile namba ya kuutambulisha mwimbo, herufi na tarakimu pamoja 12. Ukibadilisha msambazaji kesho unaenda na namba ileile, na hesabu ya wasikilizaji wako haianzi tena kwenye sifuri.

Ni kweli Spotify hailipe kama bantu habatoshe elfu moja?
*Ruashi*

Kweli. Tangu mwaka 2024 mwimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingii kwenye hesabu ya malipo ya rekodi. Usinunue wasikilizaji wa uongo kwa sababu hiyo, wale vijana wa mtandao wanaouza elfu kumi kwa dola tano. Spotify inawatoza wasambazaji faini kwa kila mwimbo uliojazwa hivyo, na msambazaji anaichukua kwako, au anaushusha mwimbo tu. Utabaki na deni na bila mwimbo.

Mwanangu, mimi ni mama wa Kamalondo, nilikulia mu muziki ya gitaa, Mwenda, Masengo, Losta Abelo. Wajukuu banasema kila kitu iko mu telefone. Ile ya zamani yetu na karindula ninaweza kupata wapi bya kweli, si ile ya kukatwakatwa?

Jambo mama, na aksanti kwa barua hii, nimeisoma nikasahau chai.

Wajukuu wamesema nusu ya kweli. Nyingi iko, ila imetawanyika, na majina yameandikwa vibaya. Ya Mwenda Jean Bosco, anza na zile Hugh Tracey alirekodi. Yule mzungu alizunguka na mashine yake ya kurekodia, na mwaka 1952 akamkuta Mwenda kijana huko Jadotville, hii Likasi yetu, njo akarekodi «Masanga». Vidole viwili tu vya mkono wa kuume, kidole gumba na cha shahada, na bado wapiga gitaa wa Ulaya wanakaa kwenye kiti wanaivunja polepole waone alifanya namna gani. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, iko Afrika Kusini mpaka leo, chini ya chuo kikuu cha Rhodes. Na lebo ndogo ya Uholanzi, SWP Records ya Michael Baird, ilikamata zile rekodi ikazisafisha ikazitosha kwa CD, za upande wetu na za Zambia. Sauti ni safi, unasikia mpaka mguu unapiga chini. Mwambie mjukuu atafute jina la Hugh Tracey pamoja na la Mwenda, asitafute Mwenda peke yake, juu atakuletea Mwenda wote wa nchi za Kenya na Tanzania.

Mwenda mwenyewe alikufa 1990 kwa ajali ya gari Zambia, mama unajua kuliko mimi.

Karindula sasa. Mwaka 2011 Crammed Discs, lebo ya kujitegemea ya Brussels, wale walioleta kikundi Konono No1 duniani, walitosha CD na DVD pamoja, The Karindula Sessions, iliyopigwa picha hapahapa Lubumbashi na BJ Perlmutt. Humo kuna vikundi BBK, Bena Ngoma, Bana Simba na Bana Lupemba. Ninapenda ile DVD kuliko CD, samahani kwa wenye masikio, karindula sharti uione: pipa la mafuta limefunikwa ngozi ya mbuzi, shingo ya mti ndefu kama mlango, nyuzi nne, na mpigaji anakaa juu yake, na watoto wako pale mbele wanacheza hawana habari na kamera. Mwimbo mmoja unaweza kwenda nusu saa. Redio hazipendi hiyo, njo maana karindula haisikiki redioni, siyo kwa sababu imekufa. Kwenye matanga na harusi za komini ya Kenya bado utaikuta.

Jambo moja tu linanikera, na si la lebo hii peke yake. Muziki wetu wenyewe tunaununua kutoka Brussels na Uholanzi kwa sababu walioweka faili vizuri, na majina, na tarehe, ni wao. Mama, kama una kaseti ndani ya sanduku, usizichezeshe kwanza kwenye redio mbovu inayokula utepe. Andika kila kaseti nani, wapi, mwaka gani kadiri unavyokumbuka, kisha umtafute mtu wa kuzihamisha kwenye kompyuta. Kumbukumbu yako njo inapotea haraka kuliko kaseti.

Bandcamp bado iko hai? Mutu wa studio aliniambia iliuzwa ikakufa.
*Bel-Air*

Bandcamp, lile duka la muziki la mtandaoni, iliuzwa mara mbili, haikufa. Epic Games, wale wa michezo ya Fortnite, waliinunua Machi 2022, mwaka uliofuata wakaiuza kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na karibu nusu ya wafanyakazi wakafukuzwa. Wengi waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Duka lenyewe linafanya kazi vilevile: mtu ananunua albamu yako moja kwa moja, Bandcamp inakamata asilimia 15 kwa muziki wa faili na 10 kwa vitu vya mkono kama tisheti, na kuna zile Ijumaa maalum zilizoanza Machi 2020 wakati wa Korona, siku ambazo wao hawakati sehemu yao.

Kwa mwimbaji wa Lubumbashi shida ni mlango wa kutokea. Falanga za Bandcamp zinapitia PayPal, si M-Pesa wala Airtel Money. Wengi wanatumia akaunti ya ndugu wa bulaya. Sawa, lakini ndugu huyo aandikwe kwenye ile karatasi niliyosema juu, na mukubaliane anatuma kila baada ya muda gani. Nimeona familia zinagombana kwa dola themanini.

Yaya, tulikuwa batatu. Mmoja njo alifungua akaunti ya msambazaji mu imeli yake, sasa amehamia Kolwezi, haitike simu, na mwimbo yetu iko inalia mu ma-bus bya Lubumbashi yote. Falanga ya studio tuliunganisha batatu, lakini falanga inaingia kwake. Sisi tuko na haki gani? Na SOCODA inaweza kutusaidia?
*Wawili waliobaki, Kenya*

Hapa mutanisamehe nirefushe. Mwimbo mmoja una vitu viwili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na sauti ya mwimbo, na kuna rekodi, yaani ile faili iliyotoka studio. Sheria yetu ya haki za mtunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na mtunzi ni yule aliyetunga, haki yake inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haiulizi imeli ni ya nani. Kama mulitunga batatu, muko batatu, hata akaunti ikiwa ya mmoja. Kwa upande wa rekodi swali ni nani alilipa studio, na munaniambia muliunganisha falanga, basi tafuteni risiti, au ile meseji ya M-Pesa kwa mwenye studio, usiifute!

Fanyeni polepole. Kwanza kusanyeni vinavyoonyesha: voisi za mazoezi, zile video za simu mukiwa studio, faili za kazi ambazo mwenye studio bado anazo, tarehe zinaonekana ndani. Kisha mutafuteni huyo wa Kolwezi kupitia mtu mzima anayemheshimu, mjomba, mchungaji, kabla ya mwanasheria. Mara nyingi mtu anakimbia simu kwa sababu falanga ni kidogo na alishazila, anaona haya. Muombeni kitu kimoja tu, mgawanyo. DistroKid, msambazaji mmoja, kwa mfano ina sehemu ya kugawanya, kila mmoja anaandikwa na asilimia yake na analipwa kwake, hakuna wa kumsubiri mwenzake. Akikataa, hapo munamwandikia msambazaji na ushahidi wenu kwamba kuna ugomvi wa umiliki.

Musiende kupandisha mwimbo uleule mara ya pili kwenye akaunti mupya kwa hasira. Mashine itaona nyimbo mbili sawa, itashusha zote, na zile basi mulizozisema zitabaki na mwimbo usio na mwenyewe.

Na SOCODA, munauliza chini ya barua. Ni chama cha haki za watunzi cha nchi, cha mwaka 2011, kilikamata nafasi ya SONECA ya zamani. Jiandikisheni kama watunzi, kila mmoja kwa jina lake. Msitegemee kujenga nyumba na malipo yake, ila jina kuwa limeandikwa mahali rasmi linasaidia siku ya ugomvi kama huu.

Nyongeza: DistroKid inalipwa kila mwaka, musipolipa nyimbo zinaweza kushushwa isipokuwa mulinunua ile ya kuzibakisha. CD Baby, msambazaji mwingine, unalipa mara moja kwa kila kazi. Kikundi ambacho kinaweza kuvunjika kesho (samahani) kingetafuta ile ya mara moja.

Tupe vitu vipya vya Wakongomani wa kujitegemea, siyo ndombolo ya matangazo.
*Bengi walioandika hivyo*

Haya. KOKOKO! wa Kinshasa, albamu yao ya pili BUTU ya 2024, kelele tamu, usiku wa mji mzima umeingia kwenye spika. Ya kwanza, Fongola ya 2019, ilikuwa na vyombo vya takataka zaidi, hii ya pili imeenda kwa mashine, kuna wanaoilalamikia, mimi siko mmoja wao. Kin'Gongolo Kiniata, Kiniata, 2024 pia: chupa, mabati, vipande vya televisheni, na juu yake sauti zinazoimba kweli, hiyo njo inawatofautisha. Titi Bakorta, Molende, 2023, kwa lebo Nyege Nyege Tapes ya Kampala, gitaa inayopinda, mama wa Kamalondo anaweza kuicheka lakini ataisikiliza mpaka mwisho. Ya nyuma kidogo, Rey Sapienz na kikundi chake, Na Zala Zala, 2021, giza tupu, usiweke wakati wa chakula.

Na Baloji, mtoto wa hapa, alizaliwa Lubumbashi 1978. Filamu yake ya kwanza ndefu, Augure, ilipata zawadi ya Sauti Mupya huko Cannes 2023, hiyo wengi munaijua. Wachache wanajua alitengeneza pia muziki kwa wahusika wanne wa filamu, kila mmoja na rekodi yake na namna yake ya kusikia dunia. Kama uko na jioni moja, sikiliza zote nne kwa mpangilio, kisha urudie 137 Avenue Kaniama ya 2018.

Bantu ba kwetu habana intaneti ya kusikilizia. Banajazaka nyimbo mu memori kadi kwa vijana wa kompyuta. Nifanyeje na mimi niingie mule?
*Mwimba injili, Kasumbalesa*

Hili swali nalipenda kuliko yote, juu kwetu memori kadi njo redio ya kweli. Nenda kwa yule kijana na flashi yako mwenyewe, usimtumie kwa WhatsApp, inakufutia jina, mwimbo unafika unaitwa AUD na tarakimu ishirini. Nilikaa siku moja pembeni ya meza kama hizo, mteja alikuwa anataka mwimbo aliosikia kwenye basi, anauimba pale, kijana anautafuta, na kompyuta yote imejaa «Track 01», «mwimbo final», «final 2 ya kweli». Hakuupata. Akaenda na mwingine.

Kwa hiyo andika jina la faili hivi: jina lako, kisha jina la mwimbo, kisha namba yako ya simu. Halafu ufungue sifa za faili, pale kwa msanii na albamu na picha, ujaze vilevile, ndiyo simu ikicheza inaonyesha uso wako. MP3 ya kbps 320, siyo ya 128, ile kubwa njo ina sauti safi. Mpe kijana nyimbo mbili, usimpe albamu nzima, ile ingine aseme inapatikana kwa namba hii, unamuuzia mtu kwa Airtel Money na unamtumia. Na kijana mwenyewe umpe kitu kidogo kila wiki, atauweka wa kwanza kwenye folda ya injili. Madereva wa malori wanaopita hapo kwenda Zambia wanajaza flashi nzima bila kuchagua, wanabeba kile kilichopangwa juu.